Kabondo: Tunasherehekea asilimia ya Exetat, lakini nani anauliza ni mlango gani umefunguka?

Siku matokeo ya Exetat yanapotoka, Kabondo hailali. Poda nyeupe inamwagwa juu ya vichwa vya wafinalisti, filimbi zinalia, pikipiki zinapita zimebeba watu watatu watatu, majirani wanatoka nje kuuliza huyo ni mtoto wa nani. Swali la kwanza ni moja tu: "Amepata ngapi?" Akisema 72, kelele zinaongezeka. Akisema 53, watu wanampongeza kwa upole, halafu wanaenda kumtafuta yule wa 72.

Swali la pili ni nadra kulisikia: 72 ya opsioni gani? Na mwaka ujao, hiyo 72 itamwingiza wapi?

Sisemi hivi ili kuharibu sherehe ya mtu. Mtoto aliyemaliza miaka yote ya shule, huku mama yake akiuza makala au kwanga ili prime ilipwe, anastahili poda yake. Lakini maoni yangu ni haya: katika komini yetu ya Kabondo, sawa na sehemu nyingine za Kisangani, tumezoea kuwachagulia watoto opsioni kwa kutafuta asilimia nyepesi, na njia ya mkato ya kupata asilimia nyepesi ni kukimbia hesabu. Bei ya kukimbia huko hailipwi siku ya poda. Inalipwa miezi michache baadaye, kwenye ukumbi wa chuo kikuu, au mapema zaidi, mbele ya karatasi ya mtihani wa kuingia.

Uamuzi wa miaka 14

Tukumbushane jinsi mambo yanavyokwenda. Mtoto akimaliza darasa la sita la msingi, anaingia la saba na la nane, ile miaka miwili ambayo sasa serikali inaihesabu kama mwisho wa elimu ya msingi. Mwisho wa darasa la nane kuna mtihani wa taifa unaoitwa TENASOSP, na jina lake refu la Kifaransa linasema wazi kazi yake: kuchuja wanafunzi na kuwaelekeza, kwa masomo na kwa kazi ya kesho. Baada ya hapo ni humanité ya kwanza, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita "la troisième", na mtoto ameshaingia kwenye opsioni. Miaka minne mbele inamngoja Exetat.

Kwa hiyo uamuzi unafanyika mtoto akiwa na miaka 14 au 15. Na mara nyingi si yeye anayeamua. Anaamua baba, au mjomba anayelipa, au umbali wa shule. Pédagogie générale iko karibu na nyumbani, Commerciale et Gestion iko mbele kidogo, Math-Physique iko mbali na inahitaji toleka ya asubuhi na ya jioni. Hesabu ya toleka inashinda hesabu ya maisha. (Najua kwamba kwenye programu mpya za sayansi, Math-Physique na Bio-Chimie zimeunganishwa chini ya jina moja la Scientifique. Lakini midomoni mwa wazazi jina la zamani halijafa, nami nitalitumia.)

Umbali ukiondolewa, linabaki lile neno tunalolisikia kwenye kila kiwanja: "Kichwa chake si cha hesabu." Linasemwa kwa utulivu, kama vile mtu anasema mtoto wake ni mrefu au mfupi. Ningependa tujiulize neno hilo linatoka wapi. Mara nyingi linatoka kwenye kadi ya darasa la tano au la sita, mwaka ambao mtoto alikaa kwenye darasa lililojaa, watatu au wanne kwenye benchi moja, akasoma sehemu na desimali haraka haraka, halafu hakuna mtu aliyerudi nyuma. Tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia shuleni, na hilo ni jambo jema sana. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ileile. Hesabu ni kama ukuta wa matofali: tofali moja likikosekana chini, yanayofuata yanayumba. Mtoto asiyejua kujumlisha sehemu mbili hatatatua mlinganyo, na asiyetatua mlinganyo hatafika kwenye derivative. Kichwa chake hakina shida. Kuna tofali lililosahauliwa, na mara nyingi linaweza kurudishwa kwa likizo moja ya kazi nzuri.

Kwa nini 72 na 53 haziko sawa

Kila mtu aliyekaa kwenye Exetat anajua sura ya maswali yake. Kwenye sesheni ya kawaida, kila swali linakuja na majibu matano, mtahiniwa anachagua moja, na masahihisho yanafanywa na mashine. Mtu anayejaza kwa kubahatisha tu, bila kusoma swali hata moja, kwa wastani atapata moja kwa kila matano, yaani karibu 20 kwa 100. Kufaulu ni kuanzia 50.

Sasa angalia tofauti. Kwenye somo la kukariri, mtoto aliyepitia daftari lake usiku anaweza kulitambua jibu anapoliona. Hajui kulieleza, lakini analikumbuka sura. Kwenye hesabu hakuna sura ya kukumbuka. Namba tano zimepangwa, zinafanana, na moja tu ndiyo inayotoka ukifanya kazi mwenyewe, hatua kwa hatua, huku dakika zinakwenda. Mtoto yuleyule, mwenye bidii ileile, atapata asilimia ndogo zaidi kwenye Math-Physique kuliko kwenye opsioni nyingine. Hajawa mjinga kwa kuvuka mlango wa darasa. Amepimwa kwa mizani nyingine.

Wazazi hawaelezwi hilo. Shule nazo hazina haraka ya kulieleza. Shule inajitangaza kwa kiwango chake cha kufaulu. Inataka kuandika kwenye bango kwamba wafinalisti wake wote wamepita. Opsioni inayoangusha watoto inaharibu bango. Halafu kuna pesa. Hata kama ungekuwa mwema kiasi gani, prefe wa shule ya Kabondo anafanya hesabu hii: darasa la Math-Physique lina watoto wanane, darasa la Pédagogie lina watoto hamsini. Mwalimu wa hesabu, kama hayuko kwenye orodha ya mishahara ya serikali, atalipwa kwa mchango wa wazazi. Watoto wanane hawawezi kumlipa. Kwa hiyo opsioni inakufa polepole: mwaka wa kwanza saa zinapungua, mwaka wa pili mwalimu anaondoka, mwaka wa tatu shule inawashauri watoto wabaki kwenye opsioni "inayotembea". Hakuna aliyetoa amri ya kufunga hesabu Kabondo. Inajifunga yenyewe, darasa baada ya darasa.

Kule mbele

Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, vyuo vikuu vyetu vimelazimishwa kuingia kwenye mfumo wa LMD: miaka mitatu ya licence, miwili ya master, kisha doktora. Kila mwaka una krediti 60. Somo usilolifaulu linakufuata mwaka unaofuata, kama deni la dukani. Na kwenye mwaka wa kwanza wa fakulte nyingi, deni la kwanza ni hesabu.

Watu wanafikiri hesabu ni ya polytechnique peke yake. Si kweli. Anayeingia uchumi anakutana na derivative na matrisi. Anayeingia informatika anakutana nazo pia, na mantiki juu yake. Kilimo kule IFA-Yangambi, huwezi kulinganisha mashamba mawili bila statistiki. Udaktari unaanza na fizikia na kemia, na dozi ya dawa ni hesabu ya uwiano ambayo kosa lake linazikwa. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichozaliwa mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo, kina sifa kubwa kwa psikolojia na sayansi ya elimu. Ni huku zilikopelekwa mwaka 1971 wakati vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa. Basi kuna vijana wanaokwenda psikolojia wakiamini wameiacha hesabu nyuma, na wanakuta statistiki imewatangulia, imekaa mlangoni inawangoja.

Hata kwetu sisi waandishi wa habari. Nimesoma uandishi chuo kikuu, na ninaweza kusema kwamba kwenye vyumba vya habari hakuna kitu kinachotutia aibu kama asilimia. Bajeti ya jimbo ikipanda kutoka 40 kwa 100 ya utekelezaji hadi 50 kwa 100, mmoja ataandika imeongezeka kwa asilimia 10, mwingine ataandika 25, na wote wawili watashindwa kueleza kwa nini wanatofautiana. (Ni pointi 10 za asilimia, na ni robo zaidi ya kilichokuwepo. Wote wawili walikuwa na nusu ya ukweli.)

Kwa anayetaka uhandisi, mambo ni makali zaidi. Fakulte za polytechnique zenye historia ndefu nchini ziko Kinshasa na Lubumbashi. Kuna mtihani wa kuingia, nafasi zinahesabiwa, na waliosimama mbele yako kwenye foleni wametoka kwenye shule ambazo mwalimu wa hesabu hakukosekana hata wiki moja. Fikiria familia ya Kabondo inayouza kipande cha kiwanja ili kijana wao apande boti, kilometa zaidi ya 1,700 za mto hadi Kinshasa, au atafutiwe tiketi ya ndege, akakae kwa shangazi, afanye concours, na aone kwenye karatasi integrali ambazo kwao darasani hazikufikiwa kwa sababu programu ilikatika mwezi wa nne. Anarudi. Kwenye kiwanja wanasema: "Kinshasa kuna upendeleo." Pengine upo. Lakini ile integrali nayo haikusomwa.

Hoja ya mama anayehesabu franka

Nataka niwe wa haki kwa wazazi, maana wengi hawachagui kwa uvivu. Mama mmoja mmoja wa Kabondo ana hoja ambayo profesa atapata shida kuijibu. Anasema: mtoto akimaliza Pédagogie, anaweza kufundisha shule ya msingi mara moja. Akimaliza Commerciale, anaweza kushika daftari la duka au la depo ya bia. Akimaliza Math-Physique na pesa ya minervali haipo, ana nini mkononi? Ana karatasi inayosema anajua mambo ambayo hakuna mtu mtaani anayemwajiri kwa ajili yake.

Hoja hiyo ni nzito. Math-Physique ni opsioni ya kupita, si ya kufika. Inakuwa na thamani yake yote ikiwa kuna miaka mingine mbele. Familia ambayo haioni kabisa miaka hiyo, mimi sitailaumu kwa kuchagua mkate wa karibu.

Ila kuna njia ya katikati ambayo tunaipita bila kuitazama: opsioni za ufundi. Umeme, mekanika, ujenzi. Huko hesabu ipo, tena hesabu inayogusa chuma na waya, na mtoto anatoka na kazi mikononi hata kama chuo kikuu kitachelewa. Kwa bahati mbaya, kwetu ufundi unaonekana kuwa mahali pa kumpeleka aliyeshindwa kwingine. Kijana anayejua kwa nini transfoma imeungua, na si kuibadilisha tu, hatakosa mteja Kisangani.

Maana mji wetu una kiu ya watu wa namna hiyo. Kituo cha umeme cha mto Tshopo kina mashine tatu, na hata zote zikizunguka pamoja hazifikishi megawati 20 kwa mji mzima. Sote tunajua kinachotokea mashine moja ikilala: jioni ya Kabondo inakuwa ya kibatari, na mtoto anayejiandaa kwa Exetat anasoma kwa mwanga wa simu ya baba. Wakati huohuo, darasani, fizikia ya nishati inafundishwa kwa mfano wa mpira unaoanguka kutoka kwenye mnara wa Ulaya. Kwa nini isiwe maporomoko ya hapahapa? Tani moja ya maji ikishuka mita 10 inaachia joule 98,000. Ikishuka tani moja kila sekunde, hiyo ni kilowati 98, kabla ya mashine kula sehemu yake. Mtoto wa humanité anaweza kuifanya hesabu hiyo kwenye ukurasa mmoja, na akimaliza atajua kwa nini maji yakipungua, taa nazo zinafifia.

Kikwazo kinachozungumza Kifaransa

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Mtoto wa Kabondo anaishi kwa Kiswahili na Lingala. Anahesabu chenji sokoni kwa lugha hizo, haraka kuliko mimi. Akiingia darasani, tatizo linaandikwa kwa Kifaransa chenye sentensi ndefu, na mara nyingi anaanguka kwenye sentensi kabla hajafika kwenye namba. Tunaandika kwenye kadi: dhaifu kwa hesabu. Huenda tungeandika: hakuelewa neno "soit".

Sipendekezi tubadilishe lugha ya shule kesho asubuhi. Exetat iko kwa Kifaransa na chuo kikuu pia. Lakini hakuna sheria inayomkataza mwalimu kueleza kwanza kwa lugha ya mtoto kisha kuandika kwa Kifaransa. Kila mtoto aliyevuka kutoka Lubunga kwa mtumbwi anajua kwamba mpiga kafi haelekezi mtumbwi kwenye bandari anayoiendea. Anauelekeza juu zaidi, kinyume na maji, ili mto wenyewe umshushe pale anapopataka. Mwambie mtoto hivyo, mchoree mishale miwili ubaoni, mmoja wa kafi na mmoja wa mto, mwonyeshe mshale wa tatu unaotokea. Kisha mwambie kwamba Kifaransa kinaviita "vecteurs". Hataogopa tena.

Na msichana? Kwake lile neno la kichwa linasemwa mara mbili: mara moja kwa sababu ni mtoto wa Kabondo, mara ya pili kwa sababu ni msichana. Anashauriwa achague kitu "kitakachomsaidia kwenye ndoa". Lakini zile roboti zilizoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013, zile zilizopigwa picha na dunia nzima, zimetoka mikononi mwa mhandisi mwanamke, Thérèse Izay. Sandrine Mubenga, mzaliwa wa Kongo, ni profesa wa uhandisi wa umeme huko Toledo, Marekani, na shirika lake la STEM DRC linawasaidia kwa masomo vijana Wakongo wanaosoma sayansi. Na Raïssa Malu, aliyekabidhiwa wizara ya elimu ya taifa mwaka 2024, ni mtu wa fizikia, mwanzilishi wa Wiki ya Sayansi na Teknolojia iliyoanza Kinshasa mwaka 2014. Baba yake, Félix Malu wa Kalenga, aliongoza kituo cha nyuklia cha Kinshasa. Kuwa na waziri anayejua integrali ni bahati ambayo si kila kizazi kinaipata. Tuitumie kumwuliza maswali.

Jirani wanafanya nini

Mlango huu si lazima ufungwe mapema namna hii, na kwa kulijua hilo hatuhitaji kwenda Ulaya. Tanzania, mwanafunzi anachagua mchepuo baada ya kidato cha nne, akiwa mkubwa zaidi ya wetu kwa miaka miwili mitatu: PCM kwa fizikia, kemia na hesabu za juu, EGM kwa uchumi, jiografia na hesabu, na mengine. Na kuna jambo dogo la busara: anayechukua PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, haachiwi aiache hesabu kabisa. Anapewa somo lake la hesabu ya msingi ya matumizi, kwa sababu wanajua daktari na mtu wa kilimo wataihitaji. Kenya, kwenye mtaala wao mpya, palizuka mjadala mkali kuhusu kuifanya hesabu kuwa ya hiari kwenye sekondari ya juu. Mwaka 2025 serikali yao ilirudi nyuma na kutangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma, ya juu kwa wa sayansi na nyepesi zaidi kwa wengine.

Kwetu hesabu ipo kwenye kila opsioni pia, kwenye karatasi. Lakini saa ni chache, na ndizo za kwanza kurukwa mwalimu asipokuwepo. Kwenye Pédagogie hilo linaniudhi kuliko kwingine, maana huyo anayetoka pale ndiye atakayefundisha sehemu na desimali kwa darasa la tano. Tunatengeneza mwalimu anayeogopa hesabu, kisha tunashangaa watoto wake hawana "kichwa".

Mwalimu yuko wapi?

Kisangani haina sababu ya kukosa walimu wa hesabu. Tuna ISP, Institut Supérieur Pédagogique, kazi yake ni kuandaa walimu wa sekondari. Tuna fakulte ya sayansi UNIKIS. Vijana wanatoka huko. Shida inaanza baada ya diploma. Mwalimu mpya anaandikwa kama "nouvelle unité", anafundisha akingoja jina lake liingie kwenye orodha ya mishahara ya DINACOPE, ile ya zamani SECOPE, na kungoja huko kunaweza kuchukua miaka. Akingoja, anakula kwa prime. Shule moja haimtoshi, kwa hiyo anachukua tatu: saa mbili Kabondo, saa mbili Makiso, saa mbili Mangobo, pikipiki katikati. Mvua ikinyesha, shule ya tatu haimwoni. Halafu kampuni ya simu au shirika la kigeni linatangaza kazi ya mtu anayejua namba, na yeye huyo anaondoka, na nani atamlaumu?

Kwa hiyo ninaposema tusikimbie hesabu, simwambii tu mzazi. Division ya elimu ya Tshopo 1 inazo orodha zote: shule gani ina ruhusa ya kuendesha opsioni gani, nani anafundisha, wafinalisti wangapi wamejiandikisha, wangapi wamefaulu. Orodha hizo zibandikwe mbele ya ofisi na kwenye kila shule kabla ya Septemba, ili mzazi aone kwa macho yake. Na kama Kabondo ina shule nne zenye darasa la sayansi la watoto wanane wanane, kwa nini watoto hao wasikusanywe mahali pamoja, na walimu wawili wazuri wapewe kipaumbele kwenye orodha ya mishahara? Shule za makanisa mbalimbali na zile za serikali zitavutana, najua, kila moja inataka wafinalisti wake. Lakini watoto thelathini na wawili mbele ya mwalimu mmoja aliyepo ni bora kuliko makundi manne yanayomngoja asiyekuja.

Kamati za wazazi nazo zinaweza kufanya kitu kidogo bila kungoja Kinshasa. Tunakutana kujadili prime, tunagombana juu ya franka elfu kadhaa, tunarudi nyumbani. Ni mara ngapi tumeuliza kwenye mkutano huo saa ngapi za hesabu zimetolewa kati ya zile zilizopangwa? Namba hiyo iko kwenye daftari la darasa. Prefe analazimika kuwa nalo.

Kwa mwenye mtoto darasa la nane mwaka huu, kazi ni ya wiki chache. Tazama daftari lake la hesabu, si kadi tu. Mpe sehemu mbili azijumlishe, moja kwa tatu na moja kwa nne. Akikwama hapo, tatizo lina jina na dawa yake ni repetiteri wa likizo, hata mwanafunzi wa ISP anayeishi jirani. Akitoa saba kwa kumi na mbili bila kuhangaika, basi usikubali mtu yeyote amwambie kichwa chake si cha hesabu. Kisha nenda shuleni kabla ya kulipa uandikishaji, na umuulize prefe jina la mwalimu wa hesabu wa humanité ya nne. Si wa kwanza, wa nne. Kama jibu ni "bado tunamtafuta", shukuru kwa heshima, na utafute shule nyingine wakati bado upo.